Manaibu Wawili

Umoja, Nairobi
14 Februari 1993

Mpendwa mdogo wangu Marion,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, ingawa mtu aliyetangazwa redioni hana budi kuwa mzima. Sisi hatujambo. Shemeji yako Walter anaendelea na zamu zake kule kiwanda cha sabuni, binti yangu Mourine anangojea kuanza chuo, na Mama magoti yanamsumbua kama kawaida.

Habari zako tulizipata pamoja na wauza mboga wote wa Umoja. Nilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, taarifa ya saa saba mchana ikaanza: Profesa Marion Nabiswa ameteuliwa kuwa Naibu Chansela wa Chuo Kikuu cha Lukhendo. Mwalimu mkuu akanigeukia. "Nabiswa? Huyo si wa kwenu?" Nikasema ni mdogo wangu. "Na hukutuambia!" Nikacheka kama mtu aliyekuwa ameficha siri. Sikutaka ajue kwamba sikuwa na siri yoyote ya kuficha.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa amekwisha kuisimulia ploti nzima. Aliniuliza Naibu Chansela ni cheo gani. Nikamwambia naibu ni naibu, kama mimi nilivyo naibu wa mwalimu mkuu mwaka wa tisa huu. Alifurahi sana. "Basi nyote ni manaibu," akasema. "Mungu hakupendelea." Tafadhali usimsahihishe, usimwambie kwamba Naibu Chansela ndiye anayeendesha chuo. Tangu uende kusoma ng'ambo hajawahi kututaja pamoja.

Jambo jingine. Mourine amepangiwa kusoma hapo hapo Lukhendo. Ujue alipata alama zake kabla ya wewe kupata kiti, na akitokea mtu wa kusema vinginevyo, umjibu.

Hongera, Marion. Nimeliandika neno hilo mara mbili, la kwanza halikukaa vizuri.

Dada yako,
Asenath


Lukhendo
2 Machi 1993

Dada Asenath,

Hutaniamini, lakini mimi pia nilisikia kwenye redio. Yaani siyo mimi hasa, ni mwanafunzi mmoja aliyenikimbilia maabara nikiwa nimeinamia majani yangu ya utafiti, akaniambia nimekuwa mkubwa. Nilimfukuza nikidhani ananitania. Nilipotoka nikupigie simu pale shuleni, maprofesa walikuwa wamejaa kizingitini kunipa mkono, hata wale ambao wiki iliyotangulia hawakuitikia salamu yangu. Wengine walinipa mkono huku wanatazama pembeni. Chuo hiki hakijawahi kuongozwa na mwanamke, na wapo wanaongoja kuniona nikijikwaa.

Nimehamia nyumba ya Naibu Chansela. Ina vyumba vitano, na askari wa langoni hunipigia saluti hata nikitoka kuanika taulo. Sijazoea.

Mama sitamsahihisha. Mourine na aje, atakula kwangu kila Jumapili na nitamwangalia kama wangu. Sherehe ya kunisimika ni mwisho wa Aprili. Njoo na Mama. Usiponiahidi sitalala.

Mdogo wako,
Marion


Umoja
9 Mei 1993

Marion,

Tumerudi salama. Mama hataki kulivua lile shada la maua ulilomvika. Amelala nalo mpaka limenyauka, na wageni bado wanakuja kulitazama.

Mimi sisemi kitu. Nasema tu kwamba niliona.

Tulipofika, Mama alichukuliwa kama yai akapandishwa jukwaani. Kijana mmoja mwenye tai akanizuia. "Mama, wewe ni nani wake?" Nikamwambia ni dada yake wa tumbo moja. Akaangalia karatasi yake. "Dada hayumo," akasema, akanipeleka hema la nyuma. Nilikula na madereva. Ni watu wazuri, walinipa kiti chenye mgongo.

Kisha ukasimama na joho lako. Ulimshukuru Mungu, na wazungu waliokufundisha, na kanisa, na Mama, na marehemu Baba aliyekuwa makanika wa reli. Madereva waliniuliza kama nimesikia vizuri. Nikasema nimesikia. Nani alikufundisha herufi kwenye kibaraza cha nyumba yetu ya Kaloleni kwa kipande cha mkaa, Baba? Nani alikuwa akichapwa kwa kuchafua ukuta, Mama?

Na mkoba wako ulikuwa umeshikwa na Mourine. Alikuwa amekaa nyuma ya kiti chako, mgongo wima, anakutazama kama mtu anayetazama picha ya sinema. Nilimpungia mkono. Hakuniona.

Walter anasema nina kijicho. Nimemwambia ale anyamaze.

Asenath


Lukhendo
23 Mei 1993

Dada Asenath,

Karatasi ya viti haikuandikwa na mimi, lakini aibu ni yangu. Yule kijana nimemwita, na ameniambia, "Profesa, alisema ni dada yako, lakini hakuonekana kama dada yako." Nilimtoa nje kabla sijamrushia kitu.

Kuhusu hotuba nitakuambia ukweli, uuchukue unavyotaka. Jina lako lilikuwemo kichwani mwangu tangu nilipoamka. Nilipofika mahali pa kukutaja nilijua sauti itakatika. Mbele yangu kulikuwa na safu ya wanaume waliokuwa wakingoja jambo hilo hilo, mwanamke alie siku ya kwanza. Nikalimeza jina lako nikaendelea. Nilidhani utaelewa. Nilisahau kwamba mtu wa kuelewa lazima kwanza aambiwe.

Mourine anaendelea vizuri. Ana kicheko chako, kile cha zamani. Jumapili nyumba hii inakuwa na watu.

Nisamehe.

Marion


Lukhendo
6 Machi 1994

Mathe, niaje!

Usikasirike, najua mwalimu wa Kiswahili haandikiwi hivyo. Haya, narudia: Mama mpendwa, shikamoo, natumaini hujambo. Umefurahi sasa?

Mimi niko fiti. Masomo yanaenda poa, nimepita yote. Jumapili bado naenda kwa Mama Mdogo. Amenipa chumba changu kabisa, na ananifundisha kuendesha gari pale uwanjani. Juzi nilikaribia kugonga lango na yule askari akapiga saluti akiruka! Tulicheka mpaka Mama Mdogo akakaa chini kwenye nyasi. Jioni ananionyesha miche yake. Anajua jina la kila jani, Mathe, na shamba lao la utafiti ni kama msitu mdogo.

Kitu kingine, nimechaguliwa katibu wa chama cha wanafunzi. Mwenyekiti wetu ni Magan, jamaa wa Eastleigh, mama yake anauza vitambaa huko. Ni mtu wa maana.

Nimeamua nikimaliza hapa nataka niwe kama Mama Mdogo. Yeye haogopi mtu. Si kama sisi huko Umoja, kila saa ni watu watasema nini. Likizo ya Aprili nitabaki huku kwake, ameniomba nimsaidie kwa maktaba yake. Mtanimiss kidogo tu.

Nisalimie Dadi, na umwambie nyanya, Kukhu wetu, magoti apake ile dawa Mama Mdogo alimtumia.

Mourine wenu


Umoja
15 Machi 1994

Profesa Nabiswa,

Naona nikuandikie kwa cheo, pengine utasoma upesi.

Binti yangu ameniarifu kwamba likizo hii haji nyumbani. Hakuniomba. Ameniarifu. Ameniarifu pia kwamba ana chumba kwako, na kwamba anajua kuendesha gari, na kwamba sisi watu wa Umoja ni waoga. Hilo la mwisho hakulitoa kwetu.

Chumba alicholala hapa tangu utoto analala na nyanya yake, na godoro limebonyea katikati. Sina uwanja wa kumfundishia gari. Sina gari. Nina mikono hii iliyomwogesha, na sauti hii iliyomwita ale, na sasa nikimwita anasema ngoja kwanza Mama Mdogo amalize. Nimesikia hivyo kwa masikio yangu alipopiga simu Krismasi kule dukani, nikiwa nimesimama foleni na watu wananitazama.

Wewe ulipata kila kitu. Ulipata kichwa, ukapata ng'ambo, ukapata Mama, ukapata redio. Sikukuzuia. Hata kuolewa ulikataa mwenyewe, hakuna aliyekuzuia. Una chuo kizima cha watoto wa watu. Niachie huyu mmoja.

Asikanyage tena nyumbani kwako. Awe mwanafunzi kama wengine, mumwone darasani. Ukiwa bado ni mdogo wangu utafanya hivyo. Na usimwambie ni mimi niliyesema.

Asenath


Lukhendo
24 Machi 1994

Dada Asenath,

Nimesikia. Itakuwa hivyo.

Likizo atakuja kwako.

Marion


Umoja
12 Februari 1995

Marion,

Tangu barua yako ile fupi hatujaandikiana, karibu mwaka mzima. Leo naandika nikiwa nimepiga magoti, si kwa kusema tu. Meza imejaa nguo za Mourine, naandikia juu ya kitanda.

Ameingia jana na kiatu kimoja. Macho yamevimba kwa gesi ya machozi, na mkono una alama ya rungu. Amekuja mpaka mjini amejificha nyuma ya lori la mahindi. Tulisikia tu redioni kwamba Lukhendo kimefungwa na wanafunzi wametakiwa kuondoka. Yeye ndiye aliyetueleza mengine.

Anasema mkubwa mmoja amejigawia lile shamba lenu la utafiti, ajenge nyumba za kuuza. Anasema wapima ardhi walikuja wakapanda mawe ya mipaka katikati ya miti yako, na wanafunzi wakayang'oa wakayatupa mtoni, Magan mbele na yeye pembeni yake. Askari wa kutuliza ghasia wakaingia hadi mabwenini. Anasema walikungoja utoke uwaambie neno, na hukutoka.

Na anasema kuna orodha ya wanafunzi tisa wa kufukuzwa kabisa, wasipokelewe chuo chochote cha serikali, na yeye yumo. Karatasi inangoja sahihi yako.

Nilimuuliza, "Kwa nini hukwenda kwa Mama Mdogo akakuonya mapema?" Akaniangalia. "Mama Mdogo alinifungia mlango mwaka jana," akasema. "Sikujua nilimkosea nini. Nikasema basi, nitatafuta watu wengine wa kunisikiliza." Nilitoka nje nikajifanya naanua nguo.

Marion, mimi ni mkubwa wako na sijawahi kukuomba kitu. Futa jina lake. Ni jina moja tu. Kalamu ni yako. Hata ukitaka nije nikae tena hema la nyuma maisha yangu yote, nitakuja. Futa jina la mtoto.

Asenath


Lukhendo
16 Februari 1995

Dada Asenath,

Namtuma dereva akupe hii mkononi, kwa kuwa barua zangu za posta siku hizi hufika zimefunguliwa. Ukisoma umpe chai, ametoka mbali.

Yote aliyokuambia Mourine ni kweli, isipokuwa moja. Nilitoka. Nilifika mpaka langoni, na askari yule wa saluti akaniambia kwa adabu kwamba ameamriwa nisipite. Nilisimama ndani ya lango langu nikisikiliza watoto wakipigwa. Wao hawakuniona.

Kuhusu jina lake, hukuwa wa kwanza kuniomba. Jana walikuja wakubwa wawili wa Baraza la Chuo, wakanywa chai yangu, mmoja akasema, "Profesa, tunajua kuna binti yenu humu. Huyo tutamwondoa. Wewe saini hao wanane, yule mwenyekiti wao awe wa kwanza." Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekutolea kiti.

Usiku ule nilishika kalamu, Asenath. Nataka ujue niliishika. Nikamwona Mourine akicheka kwenye nyasi. Halafu nikamfikiria mama yake Magan. Anaitwa Batulo. Alikuja siku ya kumleta kijana wake, akanishika mikono miwili akaniambia, "Mwangalie, sina mwingine." Maneno kama hayo uliniandikia wewe. Nikifuta jina moja, nimekubali kwamba yale mengine ni halali. Na mimi naijua ardhi ile, miti ile niliipanda kwa mikono yangu. Hao watoto hawakukosea.

Sitasaini. Si wanane, si tisa. Najua maana yake. Wewe pia unaijua, na najua utanichukia. Mwambie Mourine sikumkasirikia hata siku moja. Sababu usimwambie kama hutaki. Ulinisihi nikae kimya, na nitakaa kimya.

Marion


Umoja
19 Machi 1995

Marion,

Wamekutangaza tena. Saa ile ile, sauti ile ile. "Uteuzi wa Profesa Marion Nabiswa umebatilishwa mara moja." Kisha wakasoma bei ya mahindi.

Nitakuambia nilivyofanya, kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwambia. Nilikuwa napepeta mchele. Kabla sijafikiri lolote, kitu ndani yangu kilipiga kigelegele. Kilikuwa kifupi lakini nilikisikia. Halafu Mama akasema, "Wamesema nini? Wamesema nini kuhusu mtoto wangu?" Nikamdanganya kwamba umepewa likizo.

Aliyewekwa kwenye kiti chako alisaini siku ya tatu. Tisa wote. Barua ya Mourine imeletwa na tarishi, na Walter ameitia mfukoni anatembea nayo kazini na kurudi. Kwa hiyo sasa niambie, wewe mwenye elimu. Umepoteza kiti, na mtoto wangu amepoteza chuo, na ardhi imechukuliwa hivyo hivyo. Nani amepona? Ulikuwa na nafasi ya kumwokoa mmoja ukachagua kubaki safi. Usafi huo umeufulia kwa maji ya nani?

Na bado hujaniacha. Jumamosi mwanamke amebisha mlangoni, buibui jeusi, amekuja kwa miguu kutoka kituo akiuliza nyumba ya dada wa Profesa. Ni Batulo. Nilidhani amekuja kulia. Mtoto wake amefukuzwa kama wangu. Amekaa hapo kwenye kochi, amenishika mkono, akasema, "Nimekuja kutoa shukrani. Magan ameniambia dada yako alikataa kumuuza. Katika nchi hii, mkubwa gani ameanguka kwa ajili ya mtoto wangu?" Ameleta mkebe wa halua. Mama amesikia, amelia kwa fahari. Mourine aliyekuwa amelala chumbani ametoka, amesimama pale mlangoni akisikiliza habari zako, na uso wake ukawa kama ule wa siku ya sherehe.

Mimi niliwapikia chai. Hata kuanguka, Marion, wewe unaanguka vizuri. Mimi nikianguka nitaanguka kama gunia.

Usije Umoja kwa sasa. Sitaweza.

Asenath


Gaborone
20 Agosti 1995

Dada Asenath,

Kama muhuri haujakuambia, niko Botswana. Chuo cha hapa kimenipa kazi ya kufundisha mimea, mwalimu wa kawaida, chumba cha ofisi nashirikiana na Mzambia anayepiga mluzi. Hakuna saluti. Nimepumua.

Uliniambia nisije Umoja na sikuja, lakini siku ya kuondoka nilimwomba mwenye teksi apite barabara ya Outer Ring tukielekea uwanja wa ndege. Nilisema nitasalimia tu mlangoni. Tulipokata kona pale penye duka la mafuta ya taa, niliwaona. Wewe na Mourine mlikuwa mmeshika kiroba kimoja, kila mtu mkono wake, na yeye anakuambia jambo na wewe umeinama kwa kicheko. Nilimwambia dereva ageuze.

Uliniandikia kwamba nilipata kila kitu. Mimi sikukujibu kwa kuwa ningejibu ningetoboa siri. Nakuonea wivu, Asenath. Nimekuonea tangu yule mtoto azaliwe nikashikishwa nikaambiwa "mrudishe kwa mamake ananyonya." Uliponiamuru nimfungie, alikuja Jumapili iliyofuata kama kawaida. Alibisha, akaita, akazunguka nyuma akachungulia dirisha la jikoni. Nilikuwa nimejikunja chini ya sinki, Naibu Chansela mzima, nimeziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo. Nilikutii. Lakini sikukusamehe hadi siku ya kile kiroba.

Sasa hili ndilo la barua. Chuo hiki kinakubali wanafunzi wa nje, na marufuku ya kule haifiki huku. Nimezungumza na mkuu wa kitivo, akanipa nafasi moja. Mourine anaweza kuanza Januari, akaendelea pale alipokatizwa. Ataishi kwangu.

Sijamwandikia yeye. Nimekuandikia wewe. Ukiamua asije, hatajua kamwe kwamba aliitwa, na mimi nakuapia kwa kaburi la Baba sitamwambia. Ni wako.

Marion


Umoja
8 Oktoba 1995

Mdogo wangu Marion,

Barua yako imekaa na mimi wiki tano. Sikumwambia mtu.

Acha nikueleze zilikuwaje wiki hizo, ili ujue umeniomba nini. Mourine anafanya kazi soko la Kariokor, kwa rafiki yangu Nthoki anayeuza viatu vya akala, vile vya matairi, na mikoba ya ngozi. Anarudi jioni ananuka gundi. Tunapika pamoja. Anamwigiza Nthoki akibishana na watalii, na Walter anacheka mpaka anapaliwa na ugali. Usiku ananisuka nywele huku nikisahihisha madaftari, na anasoma insha za watoto kwa sauti, tunacheka makosa. Marion, nimemzaa huyu mtoto lakini sikuwa nimewahi kukaa naye hivyo. Kila asubuhi nilisema nitamwambia jioni. Jioni nikasema hapana, leo amechoka. Nikajiambia Botswana ni mbali, kuna joto, kuna magonjwa. Nikajiambia Mama hatavumilia. Nilipata sababu kama mtu anayeokota kuni msituni.

Jumatano alikuja na mikoba miwili aliyoshona mwenyewe. Kazi nzuri, mshono umenyooka. Nikamsifu. Nikamuuliza, kwa kumpima tu, "Chuo hukikumbuki?" Akavuta uzi akaukata kwa meno. "Ah, Mathe, nishazoea," akasema. "Kwani kuna nini. Hapa ni sawa."

Alisema bila uchungu wowote, na hilo ndilo lililonitia hofu. Najua neno hilo. Mimi nilizoea nikiwa na umri wake. Walinipa darasa la pili nikazoea, wakanipa unaibu nikazoea, na kitu ambacho sikuzoea kilikuwa kimoja tu, kukusikia wewe unakwenda mbele. Nikamtazama mtoto wangu na uzi mdomoni, nikaona miaka ishirini ijayo akiwa amekaa mahali fulani anasikiliza redio, na anamchukia mtu.

Nikamwambia saa ile ile. Nikamwambia yote, pamoja na mlango, kwamba ni mimi niliyekuamuru. Aliuweka mkoba chini. Kisha akauliza, "Kwa hiyo siku ile alikuwa ndani?" Nikasema alikuwa ndani, chini ya sinki. Alilia, akanikasirikia siku mbili, akalala kwa jirani yetu Mama Kweyu. Siku ya tatu alirudi akaniuliza kama Gaborone kuna baridi. Nikajua nimempoteza na nimempata.

Pasipoti tunafuatilia. Walter amekwenda mara ya kwanza wakamzungusha, lakini yeye akiingia jambo huwa ng'ombe, haachi. Mama ameambiwa. Amesema, "Nendeni nyote, mimi nitabaki na redio."

Usidhani nimepona. Nina wivu mpaka sasa hivi ninapoandika. Nimeuombea kanisani, nimefunga, nimeongea na mchungaji, na bado upo, unaamka nami. Nikiwafikiria nyinyi wawili jioni, mezani, mnaambiana majina ya majani, najikuta naosha tena sufuria iliyo safi. Lakini nimegundua unaweza kuwa na wivu na mikono yako ikaendelea kukunja nguo za mtoto ukazitia sandukuni. Mikono haingojei moyo.

Asubuhi hali chochote kabla ya chai, usimlazimishe. Akikaa kimya sana ujue ana homa, hasemi. Anapenda kubishana, mbishie. Ule mkono uliopigwa rungu humuuma wakati wa mvua, sijui kama huko mvua ipo.

Na kwa kuwa jioni amezoea kukaa na mimi, ipo siku atakuita Mama kwa kusahau. Mwitikie.

Dada yako,
Asenath